Barua Iliyosomwa Nusu

Tarehe 18 Desemba 2023, wiki moja kabla ya Noeli, Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilitoa Tamko liitwalo Fiducia Supplicans, kuhusu maana ya kichungaji ya baraka. Kwetu Ufipa habari ilitangulia kufika, Tamko likaja nyuma yake. Habari ilikuja kwenye simu, katika makundi ya kwaya na ya jumuiya ndogondogo, ikiwa imefupishwa kuwa sentensi moja: Papa ameruhusu ndoa za jinsia moja. Padre mwingi aliulizwa juu ya hati hiyo kabla hajaiona. Mwezi haukuisha. Tarehe 11 Januari 2024 Shirikisho la Mabaraza ya Maaskofu Katoliki ya Afrika na Madagascar, SECAM, likatoa barua ya kulijibu Tamko, yenye saini ya Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa. Nayo ikafupishwa: Afrika imekataa.

Tangu wakati huo, mazungumzo yetu juu ya jambo hili yamesimama juu ya sentensi hizo mbili. Katika insha hii tunapenda kurudi kwenye maandishi yenyewe, Tamko na barua, tuyapime kama yalivyoandikwa: wapi yana nguvu, wapi yanapungua, na yalifanywa nini yalipofika kwenye benchi zetu. Msimamo wetu kuhusu ndoa tutausema, wala hatutauficha. Ila tunaona kwamba swali la ndoa, ambalo ndilo limepigiwa kelele, si swali gumu kuliko yote yaliyomo humo.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika mapema. Kwa Kiswahili cha parokia zetu, kubariki ndoa maana yake ni kuifunga kanisani. Mtu wa Chala au Matai akisema fulani na mwenzake wamebariki ndoa, hakuna anayedhani kwamba padre alikutana nao njiani akawawekea mkono. Anaelewa kwamba walikuwa wakiishi pamoja, pengine kwa miaka kumi na watoto wanne, kisha wakafuata mafundisho, wakatangazwa, wakasimama mbele ya altare na mashahidi wao, wakaandikwa kwenye kitabu cha ndoa. Sasa chukua Tamko lisemalo kwamba padre anaweza kuwabariki watu wawili wa jinsia moja wanaoishi pamoja, ulitafsiri kwa neno hilo hilo, halafu umtazame msikilizaji. Atasikia harusi. Hawezi kusikia kitu kingine.

Na Tamko lenyewe lote limesimama juu ya tofauti ambayo neno letu limeimeza. Linasema wazi kwamba ndoa ni muungano wa mwanamume na mwanamke, wa pekee, wa kudumu, ulio wazi kwa uzazi, na kwamba fundisho hilo halibadiliki. Linatenganisha baraka ya kiliturujia na ile baraka fupi ambayo mtu yeyote huomba: mgonjwa, msafiri, mwenye nyumba mpya, mkulima anayeleta mbegu kanisani kabla ya mvua. Linakataza baraka hii isitolewe pamoja na sherehe ya kiserikali ya muungano, wala kwa mavazi, ishara au maneno ya harusi. Linakataza hata isiandaliwe ibada maalumu kwa ajili yake. Kwa hiyo aliyesema Papa ameruhusu ndoa alisema kinyume cha hati iliyokuwa imefunguliwa mbele yake, kama kweli aliifungua.

Lakini hatuwezi kuwatupia lawama zote waliosambaza ujumbe. Tamko lina upungufu wake. Ofisi hiyo hiyo ilikuwa imetoa jibu mwezi Machi 2021 kwamba Kanisa halina mamlaka ya kubariki miungano ya jinsia moja, na haikupita miaka mitatu ikaja na hati ndefu ya namba 45 inayodai kuendeleza mafundisho yale yale kwa njia mpya. Msomaji anahitaji kushikwa mkono ili aone kwamba kilichobarikiwa ni watu, si muungano wao; na kama tofauti hiyo inamtatiza hata aliyesomea teolojia, katekista wa kigangoni ataielezaje baada ya ibada ya Jumapili? Iliandikwa kwa watu wanaoishi mahali ambapo ndoa za namba hiyo tayari zipo kisheria, na ambapo wawili wa jinsia moja huenda wakamfuata padre baada ya Misa bila kuogopa polisi. Hali yetu haikuwa machoni pa mwandishi, ikabidi iongezwe baadaye kwa taarifa ya tarehe 4 Januari 2024, ambayo tutaifikia.

Barua ya SECAM tunaiheshimu kwa mambo mawili. Kwanza, haikuandikwa kwa ghadhabu. Maaskofu wa Malawi, na wa Zambia ambao ni jirani zetu hapo ng'ambo ya Kasesya, walikuwa wamesema yao ndani ya siku chache. Kardinali Ambongo alikusanya maoni ya mabaraza, akaenda Roma, akaandika kwa makubaliano na Papa Fransisko mwenyewe. Pili, ilisema jambo la kweli kuhusu sisi: kwamba baraka hiyo ikitolewa hapa italeta mkanganyiko na kikwazo kwa waamini. Kwa sababu ya lile neno tulilolieleza hapo juu, peke yake, tungekubaliana nao.

Mahali barua inapodhoofika ni pale inapotafuta nguzo. Pamoja na Walawi na Warumi, inaleta habari ya Sodoma, Mwanzo 19. Tuisome sura hiyo taratibu. Wanaume wa mji mzima wanaizunguka nyumba usiku wakitaka kuwabaka wageni waliopokelewa na Lutu. Hilo ni shambulio la kundi dhidi ya wageni wasio na mtetezi. Nabii Ezekieli, katika sura ya 16, anapoutaja uovu wa Sodoma anaanza na kiburi, shibe na kutomsaidia maskini. Na Bwana wetu anautaja mji huo anapozungumzia nyumba zitakazokataa kuwapokea wanafunzi wake (Mathayo 10). Anayetaka kuthibitisha fundisho la Kanisa kuhusu ndoa ana Mwanzo 1 na 2, ana Mathayo 19, ambapo Yesu mwenyewe anarudi kwenye uumbaji. Hizo zinatosha. Kumlinganisha mtu aliyekuja kuomba sala na wale wa Sodoma waliokuja kuvunja mlango ni kusoma vibaya, hata kama nia ni njema.

Nguzo ya pili ni utamaduni wa Kiafrika. Barua inaeleza kwamba miungano hiyo inapingana na mila na maadili ya jamii zetu. Kwa takwimu za maoni ya watu hakuna wa kubisha. Lakini je, ni hoja ambayo sisi watu wa Ufipa tunaweza kuitumia bila kujikwaa? Kanisa huku lilizaliwa kwa kukataa hoja hiyo. Mapadre Weupe walipopokea kituo cha Karema kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, kisha wakapanda milima kuja huku juu, walikuja na ukatekumeni wa miaka minne uliowekwa na Kardinali Lavigerie, na katika miaka hiyo mzee mwenye wake watatu aliambiwa abaki na mmoja. Kama angejibu kwamba utamaduni wetu unaruhusu, asingebatizwa. (Wale wake waliorudishwa kwao, na watoto wao, wana historia inayostahili kuandikwa na mtu mwenye subira.) Hatuwezi leo kumweka utamaduni kwenye kiti cha hakimu kwa sababu safari hii ametoa hukumu tunayoipenda. Ndoa ya Kikristo ama imesimama juu ya Kristo, ama haijasimama.

Isitoshe, mambo mengine tunayoyaita ya kwetu yana tarehe na yana saini ya mtu mwingine. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu tendo hilo hata kati ya watu wazima wawili waliokubaliana, kina asili yake katika sheria waliyotuletea Waingereza wakati wa Tanganyika. Baada ya marekebisho ya mwaka 1998 adhabu yake ni kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30. Si sheria ya Wafipa, wala haikutoka kwenye Injili.

Sasa tufike kwenye nusu ambayo haikusomwa. Barua ya SECAM, hiyo hiyo iliyosema hapana, inakumbusha pia kwamba watu wenye mwelekeo huo watendewe kwa heshima na kwa kuzingatia utu wao, na inawataka wachungaji wawe karibu na walio katika hali ngumu. Haikubuni jambo jipya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2357, inasema matendo hayo ni kinyume cha maumbile na hayawezi kukubaliwa. Namba 2358 inayofuata inasema watu hao wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na kila alama ya ubaguzi usio wa haki juu yao iepukwe. Mhubiri anayesoma ya kwanza na kufunga kitabu amekifunga katikati ya fundisho. Tumesikia namba 2357 mara nyingi, na kwa sauti kubwa. Namba 2358 tunaweza kuhesabu mara tulizoisikia, wala hatutamaliza vidole vya mkono mmoja.

Taarifa ile ya Roma ya tarehe 4 Januari ilitambua kwamba kuna nchi ambako sheria huwahukumu watu hawa kwenda gerezani, na kwingine hata kuuawa, na ikasema baraka mahali kama hapo haingekuwa busara, kwa kuwa maaskofu hawataki kuwaweka watu hao katika hatari ya kudhuriwa. Tazama sababu hiyo inavyomwangalia mtu. Hapana ya namna hii inamkinga. Hapana yetu, ilivyotoka kwenye simu na vipaza sauti, ilikuwa na shabaha nyingine.

Watu wa mji wenye jina kama letu wangepaswa kulielewa hili upesi. Sumbawanga, wazee husema, ni agizo kwa anayeingia: tupa uchawi wako. Ni jina zuri. Lakini sote tunajua pia mchezo uliofanywa kwa neno uchawi mkoani Rukwa: bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni anatajwa, jina linazunguka vilabuni, na asubuhi moja nyumba yake imeungua. Hakuna aliyemwona akiroga. Ilitosha atajwe. Neno shoga limeanza kufanya kazi hiyo hiyo. Kijana hajaoa akiwa na miaka 35, anatembea hivi, sauti yake iko vile, basi. Mwezi Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliwataka wananchi wampelekee majina. Siku chache baadaye Serikali ikasema huo si msimamo wake. Uganda, Mei 2023, ikapitisha sheria yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa hayo. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Januari, Papa Fransisko alikuwa amesema kwamba kuwa na mwelekeo huo si kosa la jinai. Na tarehe 5 Februari, ndani ya ndege kutoka Sudan Kusini, alirudia, akiwa pamoja na Askofu Mkuu Justin Welby wa Waanglikana na Mchungaji Iain Greenshields wa Kanisa la Scotland, nao wakamuunga mkono. Viongozi watatu wa makanisa yasiyokubaliana katika mambo mengi walikubaliana juu ya hilo wakitoka katika ardhi ya Afrika. Ujumbe huo haukusambazwa kwenye makundi ya kwaya.

Kuna mzazi atakayetuambia: mnasema hivyo, lakini watoto wetu wanalawitiwa. Ndugu mzazi, hapo umegusa jambo zito, na ndiyo maana linahitaji kutajwa kwa jina lake. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Wanaofanya hivyo mara nyingi ni watu wanaomfahamu mtoto: ndugu, jirani, mtu mwenye mamlaka juu yake. Wasichana ndio wengi zaidi. Mahubiri yanayochanganya ubakaji wa mtoto na mwelekeo wa mtu mzima yanamwacha mbakaji ameketi salama kwenye benchi lake, mke wake na watoto wakiwa pembeni, akiitikia amina. Tunataka kanisa likali sana juu ya ulawiti wa watoto. Ukali huo uelekezwe kwa anayestahili.

Juu ya ndoa sasa. Tunashika kwamba Sakramenti ya Ndoa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Hatuoni mamlaka ambayo Kanisa lingeyatumia kuibadilisha. Ndugu zetu Walutheri walisema hivyo kwa namna yao huko Dodoma mwezi Januari 2010, baada ya makanisa ya Sweden na Marekani kuchukua uamuzi mwingine, na maaskofu wa KKKT walikuwa na ujasiri wa kukataa hata fedha za watakaokwenda njia hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 9, nayo inasema muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Hakuna mtu Sumbawanga aliyekwenda kwa paroko kuomba harusi ya namna nyingine. Tumejenga ngome kubwa upande ambao hakuna anayekuja.

Swali la usawa liko upande mwingine. Usawa tunaousema hapa ni ule wa ubatizo: kwamba mizani inayotumika kwa mmoja itumike kwa wote. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 6, anawaweka katika orodha moja wazinzi, wezi, wachoyo, walevi, wenye kutukana na wanyang'anyi. Mlevi wetu tunamjua kwa jina, tunamsindikiza kwake usiku, na Jumapili tunampisha akae. Mwenye nyumba ndogo mjini tunamchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, maana ndiye mwenye lori. Na yuleyule Paulo, baada ya Warumi 1 tunayoipenda kuinukuu, anaanza sura ya 2 kwa kumgeukia anayehukumu wengine na kumwambia hana udhuru. Sura hizo hazikutenganishwa na Paulo. Namba ziliwekwa karne nyingi baadaye.

Tena kichwa cha sehemu ile ya Tamko kinataja makundi mawili: wenzi walio katika hali zisizo za kawaida, na wenzi wa jinsia moja. La kwanza limepotea kabisa katika kelele, nalo ndilo limejaa vigango vyetu. Ni uchumba sugu. Ni mwanamke aliyetolewa kwao akiwa na miaka 17 awe mke wa pili, leo ana 50, hapokei Komunyo Takatifu, na ndiye anayefyeka uwanja wa kanisa kila Jumamosi. Kwa ajili yake Tamko lilikuwa na neno, na hakuambiwa.

Tuseme sasa kuna mama Laela, mjane, mwanachama wa jumuiya yake kwa miaka 20. Mwanawe, anayefanya kazi Mbeya, amemwambia alivyo. Hajaleta mtu nyumbani, hajaomba chochote. Amechoka tu kudanganya kila anapoulizwa ataoa lini. Mama huyu akilia ataenda kwa nani? Akimwambia jirani, kesho jina liko kilabuni. Akimwambia mwenyekiti wa jumuiya, anaogopa kwamba litafika kwa mtendaji. Akimfukuza kijana, amefanya kile ambacho watu watamsifu, na mtoto ataishi huko aliko bila mama, bila padre, bila mtu wa kumwambia hata fundisho la Kanisa lenyewe. Tunajua familia zilizochagua njia hiyo ya mwisho. Hatujasikia mahubiri yaliyowauliza mtoto yuko wapi.

Hapo ndipo tunapoona paroko, katekista na mwanajumuiya wana kazi, nayo haihitaji ruhusa mpya kutoka Roma wala kutoka Kinshasa. Siri ya mama huyo itunzwe. Kijana aitwe kwa jina lake la ubatizo. Akiugua apelekewe Mpako Mtakatifu kama ataomba, na akifa azikwe na jumuiya ya mama yake, kwa nyimbo, bila mtu kunong'ona pembeni ya kaburi.

Taarifa ya tarehe 4 Januari ilitoa mfano wa sala ambayo padre angeweza kuisema, sala ya sekunde 10 au 15. Anamwomba Bwana awatazame watoto wake hawa, awape afya, kazi, amani na kusaidiana, awaondolee kila kinachopingana na Injili, wapate kuishi kadiri ya mapenzi yake. Basi. Kijana wa bodaboda anayeleta pikipiki yake mpya mbele ya kanisa huombewa karibu maneno hayo hayo, na maji ya baraka juu. Mama wa Laela hajafikiria kuomba hata hilo. Anachotaka kujua ni kama mwanawe, akija likizo ya Noeli, wanaweza kwenda misani pamoja, na waketi benchi gani.